Vibarua wa Kasiani

Kaka yangu Kasiani hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Funda la kwanza atalinywa kwenye kigoda, la pili mlangoni, na la tatu utamkuta nalo shambani kwa jirani akimuuliza kwa nini mikorosho yake ameipanda karibu karibu. Vikombe vya mama yetu viliishia vichakani. Mama alimzaa njiani, akiwa anapanda kutoka bondeni na mtungi wa maji kichwani, na mpaka anakufa alikuwa akisema mtoto aliyezaliwa njiani usimlaumu kwa kuipenda njia. Mimi nilimlaumu. Nilikuwa mdogo wake, na vikombe nilitumwa mimi kuvitafuta.

Kwetu ni ukingoni mwa Newala, pale nchi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote hadi ng'ambo ya Msumbiji. Wageni husimama pale wakasema pazuri. Anayesema pazuri hajabeba ndoo. Maji yako kule chini anakoangalia yeye, na sisi tuko huku juu. Mabomba yapo, hayo hatuyakani, ila siku yakitoa maji watu hupiga vigelegele kama kuna harusi.

Kasiani alipata kazi Masasi, kwenye kambi moja ya barabara, katika chumba cha kupimia udongo. Kazi ilimfaa kuliko kazi zote alizowahi kufanya, kwa kuwa kila siku alipelekwa mahali tofauti: leo Lisekese, kesho njia ya Nachingwea, keshokutwa huku kwetu juu. Anachimba udongo, anautia mfukoni, anaurudisha kambini, wanaukausha, wanaulowesha, wanaushindilia kwa nyundo, wanaona unabeba uzito gani. Akija likizo alikuwa hana mazungumzo mengine. Alisema udongo wa mfinyanzi ni mnafiki: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba iliyojengwa juu yake inapasuka nao.

Mhandisi mmoja wa pale kambini aliwaambia siku moja, wakiwa wanasubiri chai, kwamba ndani ya udongo mna vijidudu wadogo mno, jicho haliwaoni. Wakipata chakula wanatoa ute, na ule ute unaziba matundu na kugandisha chembe za udongo, ukawa mgumu na hauvuji. Akasema wako watu huko mbali wanatafuta namna ya kuwatumia kwenye barabara na mabwawa. Kasiani akamuuliza vijidudu hao wanalipwa nini. Mhandisi akasema, chakula tu. Basi kaka yangu akacheka sana, na tangu siku hiyo akawaita vibarua.

Kisha ikaja miaka ya kupunguzwa. Mnaikumbuka. Serikali ilikuwa inajipunguza mwili, mashirika yanauzwa, chama cha ushirika kimelala, na malori ya wanunuzi binafsi yanapanda Newala kugombania korosho. Kambi ile ilifungwa. Kasiani akapewa kiinua mgongo, akanunua bati, akapanda nalo nyumbani pamoja na mkewe Cecilia na watoto wao. Bati akaliezeka mwenyewe, na hicho ndicho kitu cha kwanza na cha mwisho nilichomwona akikimaliza kwa miaka mingi.

Maana baada ya hapo alianza kila kitu. Alifungua banda la kutengeneza baiskeli, akachoka nalo kabla ubao wa jina haujakauka rangi. Akafuga nyuki. Akauza mitumba sokoni Newala, akawa anaiacha juu ya turubai anakwenda kuangalia malori yanavyopakia korosho, watu wakawa wanajichagulia bure. Kijijini wakampa jina la kiguu na njia, naye hakukasirika, hakuwa na muda wa kukasirika.

Wifi yangu Cecilia ni Mmakua wa Lupaso, na Lupaso kisima kiko nyuma ya jiko. Alipoolewa hakuambiwa kwamba ipo siku atapandishwa nchi ambayo mtu anaoga kwa bakuli. Alijifunza kushuka bondeni akiwa mtu mzima, na alijifunza bila kulalamika. Ni mwanamke wa maneno machache. Msimu wa mabibo alipika uraka, pombe ya mabibo hayo, wa kuuza, kama alivyopika mama yetu katika banda lilelile, na fedha yake ndiyo iliyowavisha watoto wakati kaka yangu anafuga nyuki.

Siku moja ya kiangazi binti yao mkubwa, Pili, aliteleza kwenye mteremko akiwa na ndoo. Mkono ukavunjika. Walimfunga pale hospitali, akarudi, akalala, na Cecilia akatoka barazani tulikokuwa tumekaa mimi na Kasiani. Yaani mimi nimekaa, Kasiani anazunguka.

"Baba Pili," akasema, "mvua zinazokuja zikipita bila maji kukaa hapa nyumbani, mimi nakwenda Lupaso kwa kaka Gasper. Nakwenda na watoto. Sitagombana na wewe, nitakwenda tu."

Kasiani akasimama. Ilikuwa ajabu kumwona amesimama.

"Nitachimba shimo," akasema. "Maji ya bati yote yataingia humo."

"Mashimo ya hapa yanakunywa maji kuliko ng'ombe. Unataka kulitia saruji? Saruji iko wapi?"

Saruji ilikuwepo tele madukani, soko huria si lilikwisha kuja. Ilikuwepo kwa waliouza korosho nyingi. Hao walijenga matangi ya kufungwa kwa kufuli, na sisi wengine tukaenda kuyasalimia matangi hayo na madumu yetu mkononi. Nilimtazama kaka yangu na moyo ukaniuma, kwa sababu nilikuwa nimemzoea wifi yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Jibu alilipata kwa kuzurura, kama kawaida yake. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchimba, anapiga jembe hapa, anapiga pale, akafika nyuma ya banda la uraka. Kule ndiko mama yetu alikokuwa akimwaga machicha ya mabibo, na Cecilia naye akamwaga hapohapo. Kasiani akapiga jembe likaruka. Akapiga tena. Aliniita kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyoka, nikaenda mbio, nikamkuta amepiga magoti anaumwagia udongo maji ya kata. Maji yalikaa juu yake yakimeremeta. Hayakuzama.

"Esther," akaniambia, "vibarua wapo hapa. Mama alikuwa anawalisha, na hakujua."

Ninyi mnaoijua kazi ya mabibo mnajua jinsi inavyokwenda. Korosho inakatwa inakwenda kwa mnunuzi, bibo linakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke yawe uraka, na kinachobaki ni machicha, rundo la nyuzinyuzi zenye harufu ya kukata pua. Hakuna anayeyataka. Kasiani akayataka. Akachimba shimo upande wa chini wa nyumba, pana na refu kwa kimo cha mtu, akakuta ule udongo mwekundu unaonata. Akasema atayakanda machicha na udongo huo, atakandika kuta na sakafu ya shimo, atafunika kwa majani ya migomba na mchanga juu yake, hewa isiingie, vibarua wale chakula chao gizani mpaka wazibe kila tundu.

Akili ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa mwenye akili. Machicha ya Cecilia hayakutosha hata nusu ya shimo, na uraka mwingine ulikuwa haujaiva, na Kasiani hakuweza kungoja uive. Akaenda kwa Mama Erasto, jirani yetu aliyekuwa na mtambo wa nipa, gongo ya mabibo, ndani ya mikorosho, mahali ambapo kila mtu anapajua na hakuna anayepataja. Huko machicha yalikuwa pipa kwa pipa, yamebaki baada ya kuchemshwa. Rangi ileile, harufu ileile. Akayabeba kwa baiskeli asubuhi mpaka jioni, akakandika, akafunika, na alipotoka mle shimoni alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka jandoni.

Alifunua wingu la kwanza lilipotokea, na mvua ikapiga. Bati likaimba, maji yakakimbia kwenye mianzi iliyopasuliwa, yakaingia shimoni. Tulitoka nje wote na kulowa. Watoto walirukaruka, hata Cecilia alitabasamu. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Keshokutwa palikuwa na tope, na chura mmoja.

Kasiani alikaa ukingoni pa shimo. Cecilia akaja, akainama, akabandua kipande cha ukuta, akakinusa.

"Machicha haya umeyatoa wapi?"

"Kwa Mama Erasto."

"Ya mtamboni?"

"Machicha ni machicha, Mama Pili."

"Nani kakuambia? Mimi nikikosa chachu ya kuanzia uraka, naomba machicha ya jirani. Lakini ya mtamboni siombi hata nikipewa bure, hayachachui kitu. Yamepita motoni, Baba Pili. Umewapika vibarua wako."

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Kasiani akanitazama kwa macho ambayo yalinifanya ninyamaze. Kisha nilimgeukia wifi yangu nikaona naye hacheki, anatazama upande wa barabara ya Masasi. Nikaogopa.

"Nipe mwaka mmoja mwingine," kaka yangu akasema.

Cecilia akakitupa kile kipande shimoni. Mvua ikaanza tena kunyesha na sisi tumesimama palepale. "Mmoja," akasema mwishowe. "Na ule mkono wa mtoto usiusahau."

Mwaka huo wa pili ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Magari yenye vipaza sauti yanapanda na kushuka, leo bendera hii, kesho ile, vijana wanakimbilia vitenge na kofia. Mwaka mzuri kwa kiguu na njia. Lakini Kasiani alijitahidi, nitamsema kwa haki. Mabibo yalipoanza kudondoka alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake wote wapishi wa uraka akiomba machicha mabichi, na wao, kwa kumheshimu Cecilia, walimwekea. Tulikanda kwa miguu, mimi, wifi yangu na Pili. Nyuki na inzi walitufuata mpaka chumbani. Tukakandika shimo lote kwa viganja, tukalaza majani ya migomba, tukashindilia mchanga.

"Sasa?" Pili akauliza.

"Sasa tunangoja," mama yake akamjibu. "Mpaka mwezi uandame tena, au zaidi. Na hakuna kufunua."

Maneno hayo alimwambia mtoto, lakini alikuwa akimtazama mume.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Kasiani ndani ya shimo, amefukua mchanga, ameinua jani la mgomba, ametia kidole.

"Naangalia kama wameanza," akasema.

"Kaka, utawaachia hewa!"

"Kidogo tu."

Kidogo tu ya siku hiyo, na ya kesho yake, na ya mtondo. Akifunua kona hii, anahamia ile. Kila alipofunua palikauka, na palipokauka palipasuka, nyufa nyembamba za kuanzia. Cecilia akawa anafukia nyuma yake. Yeye anafunua asubuhi, mke anafunika mchana. Ndoa yao kwa majuma yale ilikuwa ni hiyo tu.

"Wewe ukipanda muhogo," Cecilia akamwambia siku moja, "unaufukua kila siku kuuliza kama umeota?"

"Nikikaa bila kuona, moyo unanipanda, Mama Pili. Nahisi kama kuna kitu kinaharibika na mimi sipo."

"Kinaharibika ukiwepo."

Nilisikia maneno yale nikiwa jikoni kwao. Hakuyasema kwa ukali. Kasiani alikwenda akafanya kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya ili mikono isiguse shimo: alichonga mipini ya majembe, alipanga kuni kwa urefu, alikwenda sokoni akarudi, akaenda tena. Alikonda. Mimi ningependa kusema alikuwa mzembe, ingekuwa rahisi, lakini alikuwa anateseka, na nilimwona.

Ndipo akaja Hamidu. Hamidu wa Masasi, walifanya kazi pamoja kambini, siku hizo alikuwa anatoka Tunduru. Alikuja na viatu vipya na habari za mawe: kwamba vito vinaokotwa mitoni, kwamba wageni wananunua juu ya meza palepale porini, kwamba mtu aliyeingia na ndala ametoka na pikipiki. Wilaya yote ilikuwa inawashwa na habari hizo. Nilimtazama kaka yangu akisikiliza, goti linamchezacheza, nikasema moyoni, basi.

Aliondoka Jumapili, sisi tukiwa misani. Aliacha koti lake msumarini na salamu kwa Pili: mwambie mama nikirudi narudi na saruji.

Cecilia alipoambiwa hakulia. Alikwenda chumbani, akatoa kasha lake la nguo, akalifungua, akaanza kukunja khanga moja moja. Mimi nikamfuata nikakaa kitandani. Nilitaka kumtetea ndugu yangu nikakosa pa kuanzia.

"Wifi, utaondoka?"

"Ningekwenda jana kama ningejua."

"Na leo?"

Alikunja khanga nyingine. "Leo nikienda watasema nimemkimbilia mume au mume kanikimbia. Na yale machicha ni ya wanawake wenzangu, Esther. Wamenipa kwa mikono yao. Ngoja mvua. Likivuja, nakwenda Lupaso na hutanizuia."

"Sitakuzuia."

Akatoka na khanga bado ziko kitandani, akaingia shimoni. Akafukia kila mahali mumewe alipofukua, akalowesha, akapiga kwa kisigino mpaka pakawa sawa. Kisha akakata miiba akaipanga juu yote, kana kwamba anamzuia mbuzi. Hakuna aliyeligusa shimo lile tena. Mimi nilipita kando kila siku nikienda bondeni na kurudi, na hata mimi, niliyemcheka ndugu yangu, vidole viliniwasha. Tuliingoja mvua ile kwa roho juu. Kulikucha na wingu, wingu likaenda zake Msumbiji. Lile kasha la nguo lilibaki wazi.

Ilipofika ilikuja mchana, kwa kishindo. Tulikuwa tumeondoa miiba, mchanga na majani siku mbili tatu kabla, na kuta zilikuwa nyeusi, laini, zinateleza kama ngozi ya kambare, zina harufu ya kinamasi. Cecilia alisema ni mbaya. Mimi nilisema ni nzuri. Hatukujua. Shimo likajaa nusu. Wifi yangu alichomeka fimbo pembeni, akaikata alama kwa kisu pale maji yalipofika, akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi alama ilikuwa palepale.

Kesho yake palepale. Mvua ya pili ikaongeza, tukakata alama nyingine, nayo ikakaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai na ladha ya udongo, ya kunywa tukayachemsha, ya kufulia na kuogea tukayachota hivyohivyo. Siku Cecilia alipokubali kwamba ni kweli, alikaa ukingoni, miguu ikining'inia, akajimwagia kata nzima kichwani na nguo zake mwilini, mchana kweupe, mwanamke mzima. Akacheka. Kisha akalia, na mimi nikalia naye, nikijua analia nini. Pili alikuwa amekwenda shule mapema na nywele zimeoshwa.

Kasha la nguo lilifungwa likarudi chini ya kitanda.

Kasiani alirudi wakati wa Kwaresma. Nilimwona anapita njia ya sokoni, amekonda, macho ya njano ya homa, hana saruji wala jiwe, ana mfuko wa rambo tu. Nilikimbia kwenda kumtangulia, kisha nikapunguza mwendo, kwa sababu sikujua nakimbia kumwambia nani nini. Nilifika nikamkuta tayari barazani. Cecilia alikuwa ametoka jikoni.

"Karibu," akamwambia. Akamletea kiti, kile chenye mgongo.

Kasiani akakaa. Cecilia akaingia ndani akarudi na glasi juu ya kisahani, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa. Akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu maji, Baba Pili."

Nani asiyejua adabu hii? Mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Mwenyeji haletewi glasi ya kitambaa, mwenyeji anakwenda mwenyewe mtungini na kata. Kasiani aliishika ile glasi, na niliona uso wake unavyoelewa. Akanywa. Akayaonja tena, udongo aliujua kwa ulimi yule.

"Haya ni ya wapi?"

"Ya hapa."

Akaruka kwenye kiti. Alikuwa amefika nusu ya uwanja Cecilia alipomwita, na sauti yake ilikuwa ya pole kuliko nilivyotegemea.

"Linashika tangu mvua ya kwanza. Kaa, unywe maji. Lilitulia ulipoondoka."

Alirudi akakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona kaka yangu akimaliza kinywaji akiwa kitini, polepole, na machozi yanamtoka bila kujifuta. Nilimhurumia mno siku ile. Mtu amelala akiota jambo, jambo limetimia, na limetimia kwa sababu yeye hakuwepo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Cecilia alimpa siku ya tatu kweli, alilisimamisha mlangoni pa chumba alicholazwa, chumba cha wageni.  Kasiani alilichukua akaja kwangu, nyumba ya jirani. Homa bado imo mwilini, akaanza kunichimbia na mimi shimo langu.

Alichimba kiangazi chote, kwa kuanza na kuacha, siwadanganyi, lakini akarudi kila alipoacha. Mabibo yalipofika alikusanya machicha mabichi, akayanusa moja moja kama yanampa majibu, akakandika kwa mikono yake. Siku tuliyofunika na kushindilia alikaa ukingoni akautazama ule mchanga uliolala sawa. Goti likaanza kumcheza. Nikasema moyoni, haya, yaleyale.

Akainuka akajipangusa. "Esther, nitafutie usafiri wa kwenda Lupaso."

"Kufanya nini?"

"Kwa shemeji Gasper. Nimesikia paa la jiko lake linavuja. Nitakaa huko mpaka mwezi uandame, na nikirudi kabla yake nifukuzeni." Akachukua pumzi. "Nikibaki hapa nitafunua. Najijua."

Nilikwenda kumwambia Cecilia. Alikuwa anakamua mabibo, mikono imejaa maji yake. Alijipangusa, akafunga viazi na korosho kwenye kitambaa akanipa nimpelekee vya njiani. Hakutoka kumuaga.

Huko Lupaso, Gasper anasema, Kasiani alimaliza paa, akamaliza uzio, akamaliza na zizi, alikuwa anakimbizana na kazi mchana kutwa na jioni anasimama barabarani anatazama upande wa juu. Hakurudi kabla ya wakati. Alirudi mvua ikiwa imekwisha kunyesha mara mbili na shimo langu limejaa na alama yangu ya fimbo haijashuka hata ukucha. Nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka kwake, nikiwa na furaha ya shimo langu na hofu ya nyumba yake.

Cecilia alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuinuka. Kasiani alisimama uwanjani, vumbi mpaka nyusi, akiangalia kile kiti chenye mgongo kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. 

"Nina kiu, Mama Pili," akasema kaka yangu.

Wifi yangu alipeta ungo wake, akapuliza makapi, wala hakuyainua macho.

"Mtungi si uko palepale? Huna mikono?"